Kumpa Jini Uso Wake

Masalkheri wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliojipanga huku mbele na visanduku vyenu vya rangi. Ahsanteni kwa kuja na mvua hii ya masika. Nimeombwa nizungumze juu ya sehemu nyeti za vijisanamu, zile ambazo mkono ukitetemeka kidogo tu kazi ya siku nyingi inaharibika: macho, midomo, vidole, mabawa, vito, nguo nyepesi. Nyingi nitazigusa, ila niseme mapema kwamba kilichonileta hapa ni uso, tena uso mweusi, na hapo nitakaa zaidi kuliko kwengine.

Kwa wazazi waliowaleta watoto na wanajiuliza haya ni mambo gani: ni michezo ya mezani ya hadithi za kubuni. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974. Mwaka uliofuata kampuni ya Games Workshop ikaanzishwa London, na mwaka 1983 ikatoa Warhammer, mchezo wa vita unaotaka majeshi mazima ya vijisanamu. Mchezaji hununua askari, mchawi, zimwi au joka akiwa mtupu, hana hata tone la rangi, kisha anampaka mwenyewe. Zamani vilitengenezwa kwa madini yaliyochanganywa na risasi. Siku hizi vingi ni vya plastiki au resini. Wako pia wasiocheza kabisa. Wao wanapaka tu, na kazi zao zinashindanishwa na kuhukumiwa kama sanaa nyingine yoyote.

Najua humu mna wenye uzito wa moyo kuhusu sanamu zenye uso, kwa sababu ya dini. Nawaheshimu kwa hilo. Mengi nitakayosema juu ya maji, ncha na mwanga yatamfaa vilevile anayepaka jahazi, ngome au mti.

Huyu niliyemshika ni jini wa kike. Kijana wa hapa mjini alimchonga kwenye kompyuta, akamtoa kwa printa ya resini, tabaka juu ya tabaka, kila moja unene wa milimita 0.05. Ana mabawa manne ya kereng'ende, kipini puani, kito kwenye paji la uso, na leso ameitupia begani. Urefu wake ni milimita 32. Nitampitisha baadaye mumwone, na nawaomba mumshike hapa chini kwenye kizibo nilichombandikia, si kwenye mabawa.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo inayowatisha watu. Mtu wa mita 1.75 ukimfanya awe wa milimita 32 umempunguza kama mara 55. Jicho la mtu mzima likiwa wazi lina upana wa milimita 30 hivi. Ligawe kwa 55, unabaki na nusu milimita. Ile duara yenye rangi katikati ya jicho, ambayo kwa mtu ni kama milimita 12, hapa inakuwa milimita 0.2. Wachongaji wanalijua hilo, kwa hiyo wanakuza kichwa na viganja kupita kiasi ili mpakaji apate pa kushika. Hata hivyo, huyu jini jicho lake ni dogo kuliko punje ya ufuta.

Mtu akisikia hesabu hii anakimbilia dukani kutafuta brashi nyembamba kuliko zote, ile ya nywele tatu nne. Hapo ndipo ningependa kumshika mkono. Brashi ile haina tumbo. Rangi inayobebwa nayo ni kidogo mno, na kwa joto letu inakauka njiani kabla haijafika usoni. Kijana anadhani mkono wake ni mzito, kumbe ncha imeshakauka na anakwaruza tu. Chukua namba 1, au namba 0, yenye tumbo la kubeba maji na ncha inayochongoka ukiilowesha. Jicho linapakwa na ncha, na ncha ya namba 1 nzuri ni nyembamba sawa na ya brashi ndogo. Tofauti ni kwamba nyuma yake kuna akiba.

Zinazosifika zaidi ni za nywele za kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche kutoka Siberia. Winsor & Newton walianza kutengeneza zile za Series 7 mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye mwenyewe alikuwa akichora kwa rangi za maji. Ni ghali, na sitawaambia mjinyime chakula kwa ajili ya brashi. Za nailoni zinafanya kazi vizuri mpaka siku ncha yake inapojikunja. Basi ile ihamishie kazi ya kuchanganya rangi, ununue nyingine. Ukiwa na brashi njema, kitakachoiua ni rangi kupanda mpaka kwenye bati linaloshika nywele na kukauka humo. Nywele zinatawanyika, na hazirudi. Chovya nusu ya nywele tu, suuza kila baada ya muda mfupi, na ukimaliza ioshe kwa sabuni uichonge ncha kwa vidole.

Kwa vidole, nasema, si kwa ulimi. Ninawaona wengi wakiilamba brashi ili ncha ikae sawa. Miaka ya 1910 na 1920 huko New Jersey, Marekani, wasichana walioajiriwa kupaka nambari za saa kwa rangi yenye radiamu walifundishwa kazini kufanya hivyohivyo, waichonge ncha kwa midomo. Mataya yao yalioza, na wengi walikufa. Rangi zetu hazina radiamu, lakini baadhi zina kadimiamu na kobalti, na hakuna sababu ya kuviingiza kinywani. Weka kitambaa chenye unyevu kando yako. Kinatosha.

Sasa mkono. Wanaume mnaokaa nyuma, mkirudi nyumbani mtazameni mpiga hina akimpamba bi harusi. Hapaki mkono ukiwa hewani. Kiwiko kimetulia, kiganja kimeegemea, kidole cha mwisho kimegusa ngozi ya yule anayepambwa, na kinachotembea ni vidole viwili vitatu tu. Mpakaji wa vijisanamu afanye vivyo hivyo. Egemeza viganja vyote viwili pamoja kwa chini, hapa kwenye kifundo, mmoja umeshika kizibo na mwengine brashi. Ukitetemeka, mikono yote inatetemeka pamoja, na jicho la jini halitakimbia brashi. Toa pumzi, na piga mstari pumzi ikiwa imeshatoka. Halafu geuza kijisanamu. Wengi wanajipinda shingo wakifuata mstari mgumu, na jini wenyewe wangeweza kumlaza ubavu au kumsimamisha kwa kichwa, mstari ukawa mwepesi. Mpake ukope wa juu akiwa kichwa chini, mtaniambia.

Tena nyamaza. Nicholas Hilliard, aliyechora picha ndogo za Malkia Elizabeth I wa Uingereza, picha za kuwekwa ndani ya kidani, alionya zaidi ya miaka 400 iliyopita kwamba mchoraji asizungumze akiwa ameinamia kazi yake, kwa sababu chembe ya mate ikiangukia usoni haitengenezeki. Alionya pia kuhusu mba wa kichwani, na akashauri mtu avae hariri ili nguo isitoe vumbi la nyuzi. Hariri sisi tutaiacha kwa sherehe. Ila vumbi la nyuzi kwenye rangi mbichi ni balaa, na hayo aliyoyasema yanafaa leo neno kwa neno.

Kuna jambo ambalo Hilliard hakuwa nalo, nalo ni hewa ya Mombasa. Rangi zetu za akriliki ni za maji. Maji yakiruka, chembe za plastiki zilizomo zinashikamana na hapo rangi imekauka. Jambo la kwanza basi ni pangaboi. Lizime unapofika kwenye macho, hata ukitoka jasho, maana upepo wake unakausha ncha kabla ya mkono kufika. La pili ni paleti ya unyevu: kisanduku chenye kifuniko, sponji iliyolowa maji, na juu yake karatasi ile ya kuokea mikate. Rangi ikikaa juu ya karatasi hiyo inabaki laini kwa saa nyingi. Ila kwa joto na unyevu wetu, ukiisahau siku mbili tatu itaota kuvu na kunuka, kwa hiyo tumia maji yaliyochemshwa na uoshe sponji mara kwa mara. Na la tatu ni andakoti ya kupuliza, ile rangi ya chini inayotangulia nyingine zote. Siku kama ya leo, hewa imejaa maji, usipulize. Dawa inayoruka haraka kutoka kwenye kopo inapoza hewa, unyevu unaganda juu ya rangi mbichi, na kijisanamu kinatoka na ukungu mweupe au chenga chenga ambazo zitaonekana usoni mpaka mwisho. Ngojea siku kavu, kaskazi ikivuma, au ipake andakoti kwa brashi, nyembamba, mara mbili. Mimi kwa uso napendelea brashi hata siku ya jua, kwa sababu tabaka nene la andakoti linaziba kona za macho, na kilichozibwa hakipakiki.

Sasa ngozi.

Mafunzo mengi mnayoyatazama kwenye simu yanafundisha ngozi moja, ile ya waridi iliyofifia: anza na rangi ya kati, mwagia kahawia ili kupata vivuli, kisha ongeza nyeupe kidogo kidogo mpaka ncha ya pua. Kijana wa Mombasa anafuata hatua hizohizo, anabadilisha rangi ya kwanza tu, anaweka kahawia. Akifika kwenye mng'ao anaongeza nyeupe. Na uso unakufa. Unakuwa wa majivu, kama mtu ambaye hakujipaka mafuta wiki nzima. Nimewaona vijana wenye mikono mizuri kabisa wakiacha kupaka watu weusi kwa sababu hii, wakasema ni vigumu, wakarudi kupaka mashujaa wa waridi. Linaniuma, kwa sababu ugumu hauko kwenye ngozi yetu. Uko kwenye chupa ya nyeupe. Nyeupe ya titani inaziba kilicho chini yake na ina ubaridi ndani yake. Ukiichanganya na kahawia unapunguza giza na unaua joto kwa pamoja, ilhali uliyetaka kumpaka hakupoteza joto lolote, amesimama juani tu.

Mgeukie aliye karibu nawe, kwa idhini yake, umtazame uso chini ya taa hii. Tafuta mwanga umekaa wapi: kwenye paji, juu ya kitefute, kwenye mgongo wa pua na ncha yake, mdomo wa chini, kidevu. Tazama jinsi ulivyo mkali na mdogo. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao una mpaka unaoonekana, na rangi yake si ya ngozi, ni ya taa. Hapa ni manjano kwa sababu balbu ni za manjano. Mkitoka nje mchana, kwenye kivuli cha baraza, ule mng'ao utakuwa na ubuluu wa anga. Kisha tazama chini ya taya na pembeni mwa pua. Kile kivuli si cheusi. Wengine kina zambarau, wengine wekundu wa damu ya mzee, wengine ubuluu wa usiku.

Basi kwa huyu jini nilianza na kahawia iliyoiva, nzito. Vivuli nikachanganya kahawia hiyo na buluu ya giza na tone la zambarau, nikaongeza maji mpaka ikawa rangi ya chai ya rangi, nikaiteremsha mara tatu nne chini ya taya, kwenye mashimo ya macho, pembeni mwa pua, nikingoja ikauke kila mara. Nikapanda juu kwa kahawia yenye wekundu, halafu kwa haradali, halafu kwa haradali yenye rangi ya chungwa. Hapo nilisimama. Nyeupe haijaingia bado. Mwisho kabisa, nukta nne ndogo za buluu iliyofifia: kitefute, kitefute, ncha ya pua, mdomo wa chini. Jini huyu yuko nje, juu yake kuna anga.

Na haradali si sheria. Mji huu una ngozi za kila namna, na kuanzia Likoni hadi Kisauni hutapata kahawia moja. Wako wanaotaka wekundu zaidi, wako wanaotaka kijani cha zeituni, wako ambao mng'ao wao ni wa buluu tupu juu ya weusi mzito. Chukua mtu halisi, umtazame, uchanganye. Usisahau viganja na nyayo, ambavyo ni vyepesi kuliko mgongo wa mkono, na mistari yake ikiwa na giza. Kwa kijisanamu kilichonyoosha mkono, kama huyu, kiganja kilichopakwa sawasawa kinamfanya awe mtu mwenye asili yake badala ya sanamu iliyotumbukizwa kwenye kopo la kahawia.

Mwanga wenyewe muuweke wapi? Sisi tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita mchana linakaa utosini hasa. Nyusi zinatia kivuli macho, pua inautia mdomo wa juu, mdomo wa chini unatia shimo lililo juu ya kidevu. Wapakaji wa nje hupuliza nyeusi mwili mzima kisha nyeupe kutoka juu ili waone mwanga utaanguka wapi. Sisi mwanga huo tunauishi. Toa kijisanamu barazani adhuhuri, kipige picha kwa simu kikiwa na andakoti tu, na hiyo picha iwe ramani yako.

Macho nayapaka mapema, kabla ya kumaliza ngozi, kwa sababu mkono ukipitiliza nitarekebisha kwa ngozi iliyo kando. Kwanza jaza shimo lote la jicho kwa kahawia iliyokaribia nyeusi. Usiogope likionekana shimo. Kisha chukua rangi ya pembe, yaani nyeupe iliyotiwa tone la ngozi, na upige kistari kimoja cha kulala katikati, ukiacha giza limezunguka juu na chini. Hakuna jicho la mtu lililo jeupe pe. Ukiweka nyeupe safi, jini atakuwa ameona mzuka. Lile giza uliloliacha kando kando ndilo wanja. Wapakaji wa kwengine wanajitahidi kulificha wakipaka wanaume, lakini jini wa pwani bila wanja hajakamilika, kwa hiyo kwetu sisi linabaki na linafanya kazi mbili: linapamba, na linatenga weupe na ngozi ili jicho lisomeke kutoka mbali.

Halafu mboni. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu anaweka nukta katikati ya weupe, nukta inazungukwa na weupe pande zote, na uso unatoa macho ya mtu aliyefumaniwa. Mtazame tena jirani yako. Mboni yake haielei. Juu imefunikwa na ukope, chini inagusa ukope. Kwa hiyo usipige nukta, piga kistari cha kusimama, kuanzia wanja wa juu mpaka wanja wa chini. Kikiwa kinene, kipunguze kwa rangi ya pembe kutoka pembeni. Anza na jicho lililo gumu kulifikia kwa mkono wako, kisha lile jepesi ulilinganishe nalo, maana ni rahisi kufuata kuliko kufuatwa. Na mwache atazame upande. Macho yaliyoangalia mbele moja kwa moja yanataka usawa kamili, yakikosana kidogo tu yanakuwa makengeza. Yaliyoangalia upande yanavumilia, na uso unapata fikra ndani yake.

Mababu zetu walilijua jambo hili la macho. Mitepe iliyokuwa ikisafiri pwani hii, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ilipakwa macho pande mbili za omo. Chombo kilitakiwa kionekane kinajua kinakokwenda.

Tena nina neno kwa wale wanaopaka majeshi: si kila uso unahitaji macho. Askari 40 wenye kofia za chuma, watakaotazamwa kutoka urefu wa mkono, wawekee kivuli kizuri chini ya nyusi na mng'ao kwenye kitefute, na macho ya mtazamaji yatajaza yaliyobaki. Kivuli safi kinashinda jicho baya. Nguvu zako ziweke kwa mashujaa.

Midomo ni kazi fupi. Wa juu uwe na giza, kahawia yenye zambarau kidogo. Wa chini uwe mwepesi, kahawia yenye waridi. Kati yao kistari chembamba cha kahawia nzito, kisifike pembeni kabisa. Basi. Rangi ya mdomo nyekundu ya sherehe ikitakiwa, ichanganye na kahawia uliyoanzia, la sivyo itakaa juu ya uso bila kuwa sehemu yake.

Leso imenichukua muda mrefu kuliko uso, na nilifurahia kila dakika. Leso ya kweli ni kama sentimita 150 kwa 110. Kwa kipimo cha jini huyu ni milimita 27 kwa 20, na ndani yake inapaswa kuingia pindo, mji, na jina. Anza na pindo. Piga mstari wa nje na wa ndani kwa rangi ya maji maji ambayo ukikosea unaweza kuifuta kwa brashi yenye unyevu, kisha uingize mapambo katikati: nukta kwanza zote, kwa umbali sawa, halafu uziunganishe kuwa korosho au maua. Fuata mikunjo. Leso iliyokunjika begani inakata pindo, na mstari ukiruka mkunjo bila kuzama ndani, nguo inageuka kuwa karatasi iliyobandikwa. Mji uuwekee pambo moja kubwa tu. Nilijaribiwa kuweka matano, nikakataa, kwa sababu pambo moja linaloonekana ni leso, na matano yasiyoonekana ni doa.

Jina sasa. Herufi yenye urefu wa sentimita 5 kwenye leso halisi haifiki milimita moja hapa. Haiandikiki ikasomeka, na haina haja. Piga vistari vifupi vya kusimama, urefu wa herufi, ukiacha nafasi kila baada ya vinne vitano, na hapa na pale kimoja kirefushe juu kama herufi h au l. Mama yeyote wa Mombasa akiitazama atajua pale kuna maneno, na atajisomea analolijua mwenyewe.

Mabawa. Resini nyembamba hulainika kwa joto. Ukiacha kijisanamu ndani ya gari lililoegeshwa juani pale Treasury Square, utalikuta bawa limelala. Likipinda, litumbukize kwenye maji ya moto, lisawazishe kwa vidole, kisha maji baridi. Ukibandika bawa la plastiki angavu usitumie supaglu, kwa sababu mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya uangavu. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, ingawa inachelewa. Supaglu hukauka kwa unyevu wa hewa, na humu unyevu haujawahi kukosekana, kwa hiyo popote utakapoitumia uwe umeshaamua kila kitu kabla ya kugusisha.

Kulipaka, weka rangi yenye maji mengi, ya joto shinani karibu na mwili, ya baridi kuelekea nchani, na uache nyeupe ya andakoti ionekane kwa chini. Huo weupe unaopenya ndio uangavu. Mishipa ya bawa usiifuate kwa ncha moja baada ya nyingine. Laza ubavu wa brashi, rangi ikiwa nzito kidogo, uupitishe juu yake polepole, na mishipa iliyoinuka itaichukua yenyewe.

Kito cha kwenye paji kitawashangaza walio wageni, kwa sababu kinapakwa kinyume. Giza linakaa juu, upande wa taa, na wepesi unakaa chini. Masonara wa Mji wa Kale hawatashangaa. Mwanga unaingia kwenye jiwe kwa juu, unapita, unakusanyika upande wa pili. Halafu nukta moja nyeupe safi pale juu kwenye giza, na hapa nyeupe ya titani inaruhusiwa, hapa ndipo mahali pake.

Ikibaki vanishi, paka isiyong'aa mwili mzima, ili mikono ya wachezaji isile rangi, kwa masharti yaleyale ya hewa kavu kama ni ya kupuliza. Hiyo itazima macho, kito na kipini. Kwa hiyo ikishakauka, rudi na vanishi inayong'aa, tone dogo kwa ncha, uiguse kila mboni mara moja, kito, kipini, na kama jini wako anatoka baharini, mdomo wa chini pia.

Meza ziko tatu na kila moja ina taa mbili. Nimeweka vichwa vya kufanyia mazoezi, vimeshapigwa andakoti, na ile kahawia, buluu na haradali nilizozitaja. Chupa ya nyeupe iko kwangu. Atakayeihitaji aje nimtazamie kwanza. Kina mama mnaojua hina, nawaomba mtangulie kwenye meza hii ya kwanza, ili vijana wawaone mnavyoegemeza mkono. Na aliye karibu na swichi atuzimie pangaboi.